Kwa Kiti Chekundu

...simjui kabisa, eti simjui kabisa, amesema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, mdomo huu huu wenye jino bovu, na dada wa watu alimgeukia vizuri, kwa adabu, samahani dada yangu, wewe humjui fundi mzuri wa makochi maeneo haya, naye, fundi makochi, mwenye gundi iliyokauka kwenye kucha na sindano ya kupinda ndani ya mkoba, akajibu hapana dada, simjui kabisa, na hilo kabisa limetoka wapi, nani alimwomba kabisa, simjui peke yake ingetosha, lakini hapana, lazima atie na chumvi... labda ni jino, jino likiuma mtu husema lolote, shavu limevimba, ulimi mzito, basi msingizie jino, mwanamke mzima anasingizia jino, aibu gani hii, na huku kidole chake, hebu kitazame, kidole kimeshaingia ndani ya benchi la watu, kinarudisha sponji iliyochungulia nje, kimeanza zamani bila kumwomba ruhusa, kwa sababu benchi hili la kliniki limeachia kwenye mshono, kitambaa hakijapasuka, ni mshono tu, aliyelishona alitumia uzi wa nguo, mvivu yule, uzi wa nguo kwenye benchi linalokaliwa na mji mzima, wenye meno na wasindikizaji wao, ungedumu kwa muujiza gani, hapa panataka uzi wa nailoni na mishono miwili, tena unapitia chini... nyamaza, hayo hayakuhusu tena, leo ndiyo mwisho, ufunguo uko kwenye mkoba, akitoka kwa daktari anamkabidhi kaka yake, kaka ageuze kile chumba chake cha kazi stoo ya rangi na saruji, yeye akakae kaunta dukani kwa kaka, apime misumari, aseme karibu mteja, karibu, na jioni arudi nyumbani mikono misafi, mikono misafi, Mungu wangu, tangu lini.

Yule dada, aliyejifunga mtandio wa kijani, sasa yuko kwenye simu na mumewe, anaongea kwa sauti kama yuko sebuleni kwake, nimesema sinunui jipya, mume wangu, hili mbao zake ni imara, limebonyea katikati tu, na limebonyea kwa sababu ya nani, wewe na watoto wako na huo mpira wenu, juzi mama yako amekaa tukamvuta watu wawili... anacheka, ana kicheko cha mtu ambaye jino si lake, amemsindikiza mtu tu, na fundi makochi, aliyekataa kuwa fundi makochi, anajikuta anacheka pia upande mmoja wa mdomo, kisha anajiuma shavu, kwa sababu kochi lililobonyea katikati analijua, hilo wala si kochi la kutupwa, hizo ni kanda za mpira zilizolegea chini, unageuza kochi, unatoa pini, unabadilisha kanda, unaongeza sponji ngumu kidogo pale kati, mama mkwe atakaa na atainuka mwenyewe kwa heshima zake, kazi ya siku moja, mwambie, si umwambie, yuko hapa, bega kwa bega... na ngoja nitafute kwenye simu, anasema yule wa kijani, kila kitu siku hizi kiko kwenye simu, usikate, ngoja.

Haya, ndiyo hayo, sasa atamwona. Moyo umeanza kudunda mpaka kwenye jino, kwa sababu yeye ni wa kwanza, hilo halina ubishi, kila asubuhi kabla hata ya chai anashika simu, anaandika Kiti Chekundu, na duka lake linaruka juu, la kwanza, na picha yake, na ramani yake, na ile alama ya kuonyesha uchochoro wenyewe nyuma ya mashine ya kusaga, wa kwanza, kila siku wa kwanza, na hakuna mtu anayekuja. Hapo ndipo anapoumia, mtu akikwambia huonekani utajipa moyo, utasema ngoja wanione, lakini wewe uko wa kwanza, uko juu peupe, wanakuona na wanapita, miezi yote hii wanakuona na wanapita, na kaka yake hakumficha, kaka hana maneno ya kuzunguka, alikaa kwenye kochi la mteja ambalo mteja hakurudi kulichukua, akasema mdogo wangu, wamekuona, hawajakutaka, ndiyo hivyo, usijitese, njoo dukani... wamekuona, hawajakutaka, ameyatafuna maneno hayo wiki nzima, ameyalalia na kuyaamkia, pengine ndiyo yameliozesha jino.

Huyu fundi makochi, anasoma yule wa kijani, kidole kinapandisha kioo, huyu... hapana, huyu anauza magodoro, mimi nimesema fundi wameniletea magodoro, huyu anafua mazulia, huyu yuko ng'ambo ya mji, nikimpelekea kochi si nitakuwa nimelipeleka likizo, huyu hizi picha kaziiba, hili kochi la dhahabu nimeliona mahali, nani hapa kwetu ana kochi la dhahabu... na yeye ameinamisha kichwa, macho kwenye vigae, masikio huko, anangoja, sasa, sasa hivi atalitaja duka lake, na akilitaja atafanya nini, atageuza uso ukutani, atajifanya anakohoa, kwa sababu ameshasema simjui, na picha yake iko pale, amesimama karibu na kiti, anatabasamu, meno yote yakiwa mazima wakati huo... ataje tu yaishe, aseme huyu naye vipi, apite kama wanavyopita wenzake, angalau leo atasikia kwa masikio yake wanachokisema wakimwona, watu huwa wanasemaje, wanasema sura yake, wanasema kitambaa, wanasema fundi mwanamke huyu ataweza kugeuza kochi, wanasema kile kiti...

Kile kiti. Zamani, kwenye barabara kubwa kabla haijapanuliwa, hakuhitaji simu ya mtu yeyote, alikuwa anafungua mlango, anakitoa kiti nje, kiti cha mikono, chekundu, wekundu wa kukodolea macho, anakiweka juani, basi, mji mzima umejua yuko kazini. Watu walielekezana kwacho, ukifika kwenye kiti chekundu kata kushoto, nikungoje kwenye kiti chekundu, posta walijua, wauza maji walijua, kuna bwana mmoja alikaa pale kila siku ya mvua nyepesi na mwavuli wake, wala hakuwa na kochi nyumbani, alikuwa anakipenda tu, na wao wenyewe ndio walioanza kumwita Mama Kiti, na yeye akaliandika mlangoni, Kiti Chekundu, halikuhitaji neno la pili, ungeongeza nini, ungeongeza fundi makochi ilhali makochi yenyewe yamejazana mpaka barabarani yakisubiri zamu. Kisha barabara ikapanuliwa, akahamia uchochoroni, akakitoa kiti nje vilevile, na uchochoroni wanapita paka na mtu wa mashine ya kusaga, mwenye unga mpaka kwenye nyusi, ambaye alishakiona. Ndipo jirani anayechapisha kadi za harusi akamwambia Mama Kiti, siku hizi mlango wa duka ni simu, lete nikuweke kwenye ramani, akamwuliza jina la biashara, akasema Kiti Chekundu, akamwuliza na maelezo, unafanya nini, unatengeneza nini, andika andika watu wakupate, naye akacheka, alicheka kabisa, we andika Kiti Chekundu, watu wanajua... watu wanajua, akasema, akiwa uchochoroni nyuma ya mashine ya kusaga.

Bado, anasema yule wa kijani, bado sijaona wa maana, hebu tuseme hivi, na anainua simu karibu na midomo, anaiambia polepole, kama anavyoongea na mtoto, kochi, limebonyea, katikati, nani, anatengeneza... na mumewe kule anasema kitu, na yeye anasema nyamaza wewe, isije ikaandika sauti yako... na fundi makochi ananyanyua macho. Hakutajwa. Wamefika mwisho wa kioo na hakutajwa. Si kwamba ametajwa akapitwa, hakuwepo. Labda hakusikia vizuri, nesi alikuwa anaita watu, labda lilipita wakati anafikiria barabara... anashusha jicho pembeni, anachungulia simu ya mtu, tabia mbaya, anajua ni tabia mbaya, mama yake angemfinya, lakini anachungulia, magodoro, mazulia, kochi la dhahabu, tena magodoro, duka la mapazia, na hakuna kiti, hakuna yeye akitabasamu, hakuna uchochoro. Anafungua mkoba haraka, ufunguo unagonga sindano, anatoa simu yake, anaandika Kiti Chekundu, na huyo hapo, anaruka juu, wa kwanza, na meno yake yote. Simu mbili ziko karibu kiasi cha kugusana, benchi moja, na katika moja yeye ni wa kwanza na katika nyingine hajazaliwa.

Ngoja kwanza. Tulia. Anafuta Kiti Chekundu, herufi moja moja, anaandika kama alivyosema yule dada, kochi limebonyea katikati, na anaangalia, magodoro, mazulia, anapandisha, ng'ambo ya mji, mapazia, anapandisha, dhahabu, anapandisha, mtu anauza mbuzi, mbuzi wameingiaje hapa, anapandisha, basi, kioo kimeisha. Hayupo. Kwenye simu yake mwenyewe, aliyoinunua mwenyewe, anayoilaza karibu na mto wake, hayupo. Na sasa inamjia ile semina, ile ya wafanyabiashara wadogo, ukumbi wenye joto, yule mwezeshaji mwenye tai fupi akitembea mbele huku na huku, na yeye amekaa nyuma kwenye kiti cha ukumbi kilichoachia mshono, kidole kimezama ndani kinapanga sponji, anajiuliza nani ameshona huu upuuzi, na yule wa tai anasema kitu, wenzake wanaandika, yeye anasikia nusu, alisema... alisema msijitafute kwa majina yenu, ndugu zangu, ukiandika jina lako utajiona tu, hata mimi nikiandika la kwangu najiona, alisema mteja hakutafuti wewe, hakujui, mteja anatafuta shida yake, andikeni shida ya mteja... na watu wakapiga makofi, na yeye akapiga makofi kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa ndani ya kiti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Semina nzima, na alichotoka nacho ni kwamba kiti kile sasa kinakalika.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anajiita mwenyewe na anajiitikia, anafurahi, wa kwanza, kumbe ni wa kwanza kati ya mmoja... na wao, watu wenye makochi yaliyobonyea, yaliyochanika, yaliyokojolewa na watoto, walikuwa wanaandika shida zao usiku na mchana, wanapewa magodoro na mbuzi, na hawakumwona. Hawakumkataa. Anairudia polepole, asije akaivunja, hawakumkataa, hawakumwona, anataka kulia hapa mbele ya watu, watadhani ni jino, wacha wadhani, kwa sababu kaka alikosea, kaka mwenye uhakika wa kila kitu alikosea, wamekuona hawajakutaka, hakuna aliyeona, kaka, hakuna hata mmoja... mmoja. Hapana, yupo mmoja.

Yupo yule wa nyota moja. Usimfikirie yule... lakini ameshakuja akilini. Kwa sababu Mama Kiti alipoona wa kwanza ni yeye na watu hawaji, alianza kujitafuta kasoro, akabadilisha picha, akabadilisha tena, akaondoa uso akabakiza kiti, akaurudisha uso, na bado, akasema basi ni kiti, ni huu wekundu, wekundu umepitwa na wakati, watu wa siku hizi wanataka kijivu, kila kochi kwenye simu ni kijivu, ukuta kijivu, zulia kijivu, na siku moja akafunga mlango, akakipindua kile kiti, akaanza kung'oa pini kwa koleo, pini moja baada ya nyingine, na kitambaa kikawa kinaachia kwa mlio ule, akakivua, akakivisha kijivu, kazi nzuri, hakuna mtu angeona mshono, na akakitoa nje asubuhi, na mtu wa mashine ya kusaga akauliza Mama Kiti, ni msiba? Akamwambia ni mtindo. Na baada ya hapo ndipo ilipokuja, maoni yake ya kwanza na ya mwisho, nyota moja, nimezunguka uchochoro mzima natafuta kiti chekundu, sikukiona, nimerudi nyumbani. Alivyokasirika! Alizunguka chumba akiongea peke yake, kipofu huyu, kiti kiko mlangoni, hana macho huyu, ametumwa huyu, akampelekea kaka asome, na kaka akatikisa kichwa, akasema unaona, ndicho ninachokwambia... na hawakuona wote wawili, ndugu wa tumbo moja, wamesimama na simu kati yao na hawakuona. Mtu alikuwa amekuja. Mmoja tu aliyemjua kwa jina, pengine wa barabara ile ya zamani, pengine yule bwana wa mwavuli, nani mwingine angezunguka uchochoro mzima kwa ajili ya kiti, alikuja kwa miguu yake, akapita mbele ya kile kiti, labda alikigusa, akaendelea kutafuta chekundu. Na ndani, nyuma ya ukuta tu, yeye alikuwa amekaa anasubiri watu. Oh, mjinga, mjinga wewe, mikono yako mwenyewe, pini moja baada ya nyingine.

Simu inatetemeka kiganjani, karibu aiangushe, ni kaka, ameandika, nimefika, niko getini na gari, ukimaliza toka, ufunguo umebeba? Anao. Uko hapa, umelala na sindano, ufunguo mdogo tu, hauna hata uzito, na kaka hana ubaya, kaka alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, atamnunulia na supu ya kunywa kwa mrija kwa sababu ya jino, atamwambia umefanya la maana mdogo wangu, na kesho misumari... anaandika ndiyo, anafuta, anaandika kaka subiri, anafuta, atamwambia nini, amwambie nimesikia mtu anaongea na simu, kaka hatamwelewa, na pengine yeye mwenyewe hajielewi, pengine ni jino, pengine akiwekwa kwenye orodha inayotakiwa, zikiandikwa shida zote, kochi limebonyea, kochi limechanika, bado hawatakuja, na safari hii itakuwa kweli wamemwona. Hilo ndilo linalotisha. Hapo hakuna pa kujificha tena. Mpaka sasa hajawahi kukataliwa, hata mara moja, anashangaa, miezi yote hii ya kuumia na hajawahi kukataliwa, bado kunamngoja.

Nesi anafungua mlango, anaita, na watu wote wananyanyua vichwa, si yeye, ni mzee mmoja wa kule dirishani, mlango unafungwa, vichwa vinarudi. Yule wa kijani amemaliza na mumewe lakini hajamaliza na simu, bado anapandisha kioo, anafyonya kidogo, mbuzi tena, anasema peke yake, mimi na mbuzi wapi na wapi... Kitambaa chekundu kipo. Hakukitupa, alikikunja akakiweka chini ya meza ya kukatia, akajidanganya ni cha viraka, kipo, na pini zipo, na ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu anayekijua kile kiti... na kidole chake, hebu kitazame, kimerudi ndani ya benchi, na mkono wa pili umeshaingia mkobani, umepita ufunguo, umeshika sindano ya kupinda. Uzi upo, wa nailoni, uko mle siku zote. Anapitisha mshono wa kwanza kutoka chini, anavuta, kitambaa kinakutana na mwenzake, anapitisha wa pili, hapa mbele za watu, kwenye benchi lisilo lake, na hakuna anayemtazama, yule wa kijani, bega kwa bega naye, ameinamia kioo anamtafuta, na simu inatetemeka tena mapajani, kaka, na anaiacha itetemeke, kwa sababu mdomo ni mmoja na unauma, na neno analotaka kulisema linapingana na neno alilokwisha kulisema, na dada wa watu atamwona mwongo, amwone, sawa, lakini amwone. Anavuta uzi.

"Dada," anasema, na jino linampiga mpaka sikioni, "yule fundi uliyemwulizia... namjua."